Peru na Bolivia kwa begi la mgongoni: namna ya kupanga safari ya Andes hatua kwa hatua

Tangu nirudi naulizwa maswali yaleyale manne: inagharimu kiasi gani, viza inapatikanaje, nianzie mji gani, na je, kule juu nitaweza kupumua? Nimeyajibu kwa simu na kwa ujumbe mpaka nikaona bora niyaandike yote mahali pamoja. Namwandikia mtu anayetoka Afrika Mashariki, ambaye hajawahi kufika Amerika ya Kusini na ana bajeti ya kati. Atapanda mabasi ya usiku, atalala hosteli na nyumba ndogo za wageni, atakula sokoni. Mambo makubwa mawili matatu atayalipia bila kusita.

Shika neno moja kabla ya yote: ratiba ya Andes hupangwa kwa mwinuko. Wengi hufungua ramani, wakatia alama magofu ya mji wa kale wa Machu Picchu kule Peru na jangwa la chumvi la Uyuni kule Bolivia, kisha wakatafuta njia fupi ya kuyaunganisha. Mimi pia nilifanya hivyo. Nilipanda ndege Lima, kando ya bahari, na baada ya saa moja na kidogo nikashuka Cusco, mita 3,400. Nimezaliwa Moshi, mlima nauona tangu utotoni, nikaamini mwili wangu unayajua mambo ya juu. Nililala siku mbili, kichwa kinagonga, chakula hakipiti. Siku hizo nilikuwa nimeshazilipia. Hatua zote hapa chini nimezipanga ili hilo lisikukute.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Pasipoti yenye zaidi ya miezi 6 mbele yake na kurasa kadhaa tupu.
- Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Chanjo ipigwe angalau siku 10 kabla ya safari. Kama ulichanjwa zamani, usichanjwe tena: tangu 2016 cheti hicho kinahesabika kuwa cha maisha.
- Siku 28: 24 za kuzunguka, 2 za akiba, 2 za angani.
- Karibu dola 2,000 za Marekani mbali na tiketi ya ndege. Mchanganuo uko hatua ya 5.
- Kadi mbili za benki, zikae mifuko tofauti, na benki yako iarifiwe.
- Bima ya safari inayotaja kwa maandishi kwamba inagharimia matibabu mpaka mita 5,000. Bima nyingi za bei ya chini hukomea chini ya hapo.
- Kihispania cha sokoni. Usiogope: irabu zao ni a, e, i, o, u na zinatamkwa kama zetu. Mswahili akisoma neno la Kihispania kwa sauti, mara nyingi anaeleweka.

Hatua ya 1: Chagua mwezi

Kiangazi cha Andes ni Mei hadi Septemba. Mchana jua kali, usiku baridi ya kweli. Mvua huanza Novemba na kushika zaidi Januari na Februari. Ushauri wangu ni Mei au Septemba. Juni na Julai watu ni wengi na bei hupanda, hasa Cusco kuelekea sikukuu ya Inti Raymi tarehe 24 Juni.

Kuna sababu moja tu ya kwenda msimu wa mvua: kati ya Januari na Machi maji hutanda juu ya chumvi ya Uyuni na uwanda wote ukawa kioo cha mbingu. Ni kweli ni pazuri kupita maelezo. Lakini msimu huohuo barabara za milimani huporomoka, na Februari ile njia ya miguu ya Wainka, watu wa kale wa Andes, inayoelekea Machu Picchu, hufungwa kwa matengenezo. Amua unataka nini zaidi.

Hatua ya 2: Viza kwanza, tiketi baadaye

Masharti yanategemea pasipoti yako na hubadilika, kwa hiyo uliza ubalozi wenyewe, kwa barua pepe, upate jibu la maandishi. Ubalozi unaohudumia nchi yako huenda uko nchi nyingine kabisa. Anza miezi minne kabla. Uliza nchi zote mbili kwa wakati mmoja, na andaa taarifa ya benki, barua ya mwajiri, ratiba na nafasi za kulala zinazoweza kufutwa bila gharama.

Ukiweza, omba viza ya Peru ya kuingia zaidi ya mara moja. Barabara ya Bolivia ikifungwa, utataka mlango wa kurudi.

*Kosa la kawaida:* kusahau viza za kupita. Ukipitia Marekani, hata kwa kubadilisha ndege tu, unahitaji viza ya Marekani. Ukipitia viwanja vya nchi za Schengen, pasipoti kadhaa, ikiwemo ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, zinadai viza ya uwanjani hata kama hutoki nje.

Hatua ya 3: Ingia kwa Lima, toka kwa Santa Cruz

Usikate tiketi ya kwenda na kurudi mji mmoja. Utapoteza siku mbili kurudi ulikotoka. Kata ya kuingia Lima na kutokea Santa Cruz, mji wa tambarare mashariki mwa Bolivia.

Kwetu njia inayoeleweka zaidi ni Addis Ababa hadi São Paulo, kisha Lima. Wakati wa kurudi, Santa Cruz hadi São Paulo, kisha Addis. Njia ya Ulaya ipo pia, kwa kuwa Amsterdam, Madrid na Paris zote zina ndege ya moja kwa moja hadi Lima. Linganisha bei, lakini linganisha pamoja na gharama ya viza ya kupita.

*Angalizo:* safari nzima iwe kwenye tiketi moja. Ukinunua vipande viwili tofauti, pale São Paulo unaweza kulazimika kutoka, kuchukua mzigo na kuingia upya, na hapo unahitaji ruhusa ya kuingia Brazili.

Hatua ya 4: Panga ratiba kwa mwinuko

Hapa ndipo penye safari yenyewe, usiharakishe. Kwa aliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu kipimo ni rahisi: kibanda cha Mandara kiko mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720. Cusco na La Paz ziko karibu na Horombo. Tofauti ni kwamba Horombo unafika kwa miguu baada ya siku mbili, ila Cusco ndege inakutupa kabla hujamaliza chai. Na kama ulifika Uhuru mwaka jana, ule uzoefu wa mwili umeshaisha, hauhifadhiki.

Ratiba ninayoipendekeza:

1. Lima, siku ya 1 na 2. Usawa wa bahari. Lala, badilisha fedha, nunua laini ya simu. Jioni ya pili panda basi la usiku, kama saa 16 hadi Arequipa.
2. Arequipa, siku ya 3 hadi ya 5. Mita 2,300 na kidogo. Mji wa mawe meupe chini ya volkano ya Misti. Hapa mwili unaanza kuzoea bila kuteseka. Mtu atakwambia uende korongo la Colca kwa siku moja, kuondoka saa tisa usiku. Barabara hiyo inapita karibu mita 4,900. Kama ni siku yako ya kwanza mjini, kataa.
3. Bonde Takatifu, siku ya 6 na 7. Basi la usiku hadi Cusco, kama saa 10, lakini *usilale Cusco*. Asubuhi hiyohiyo chukua colectivo, ndiyo hiace yao, huondoka ikijaa kama daladala, mpaka Ollantaytambo, mita 2,800. Saa mbili hivi barabarani. Ukilala chini na kupanda polepole unaokoa siku mbili nilizopoteza mimi.
4. Machu Picchu, siku ya 8 na 9. Treni hadi mji mdogo wa Aguas Calientes, ulale, upande asubuhi. Magofu yenyewe yako mita 2,430, chini ya Cusco kwa karibu kilomita nzima. Wengi hawalijui hili.
5. Cusco, usiku 3. Sasa mwili uko tayari. Magofu ya Sacsayhuamán, soko la San Pedro, mitaa ya San Blas.
6. Puno, siku ya 12 na 13. Saa sita saba kwa basi. Ziwa Titicaca liko mita 3,812. Nenda kisiwa cha Taquile, ambako wanaume ndio wanaofuma kofia kwa sindano, wakitembea na wakizungumza.
7. Copacabana na Isla del Sol, siku ya 14 na 15. Umeshaingia Bolivia. Lala kisiwani usiku mmoja. Boti zikiondoka jioni kimya kinachobaki hutakisahau.
8. La Paz, siku ya 16 hadi ya 18. Njiani, pale Tiquina ziwa linapobana, abiria hushuka na kuvuka kwa mashua ndogo huku basi likivukishwa peke yake juu ya chombo cha mbao. Beba pasipoti na fedha mwilini, si kwenye begi lililobaki ndani ya basi.
9. Uyuni, siku ya 19 hadi ya 21. Basi la usiku, kisha siku tatu kwa gari.
10. Sucre, siku ya 22 na 23. Mita 2,800, hewa laini, majengo meupe. Pumzika.
11. Santa Cruz, siku ya 24. Ndege fupi kutoka Sucre. Ukipanda basi ni usiku kucha wa kona.

Una wiki tatu tu? Ondoa Sucre na Isla del Sol, uruke kutoka Uyuni hadi La Paz na kuunganisha Santa Cruz. Usiondoe Arequipa. Kila anayebana ratiba huanza kwa kuondoa Arequipa, kisha huilipia Cusco kitandani.

Na kama una siku mbili zaidi, shuka kutoka La Paz hadi Coroico, kwenye mabonde ya Yungas, saa tatu hivi, joto na migomba. Karibu yake kiko kijiji cha Tocaña, cha Wabolivia wenye asili ya Afrika. Babu zao waliletwa na Wahispania kama watumwa. Wengi walipelekwa kwenye migodi ya fedha ya Potosí, mita 4,000. Wana ngoma yao, saya, na wana mfalme wao, Julio Pinedo, aliyetawazwa 1992. Niliingia pale nikiwa mgeni, nikasikia ngoma ile, nikakaa chini. Sikuwa na neno la kusema.

Hatua ya 5: Andika bajeti

Makadirio yangu kwa mtu mmoja, chumba cha bweni au chumba cha kuchangia wawili:

- Peru, siku 13 kwa dola 45 kwa siku: 585
- Bolivia, siku 11 kwa dola 35 kwa siku: 385
- Machu Picchu pamoja na treni na basi la juu: 200
- Tiketi ya pamoja ya magofu ya Cusco: 35
- Siku tatu za Uyuni na viingilio: 220
- Mabasi ya masafa: 120
- Ndege ya Sucre hadi Santa Cruz: 60
- Bima: 80
- Akiba isiyoguswa: 300

Jumla dola 1,985. Ukitaka kupunguza, punguza treni (hatua ya 6). Akiba usiiguse, na usipunguze kampuni nzuri ya gari la Uyuni.

Chakula ndicho kitakachokuokolea fedha. Mchana tafuta kibao kilichoandikwa *menú* Peru au *almuerzo* Bolivia: supu, sahani kuu na kinywaji kwa bei moja ndogo. Supu zao zinashibisha, na viazi viko vya kila rangi. Hapa ndipo kiazi mviringo kilipotoka kabla ya kufika Njombe na Limuru. Asubuhi Bolivia kunywa *api*, uji wa mahindi ya zambarau, mtamu, wa moto. Wanakula pia *cuy*, yaani simbilisi. Mtu wa Iringa hatashangaa.

Kwa Waislamu: *cerdo* na *chancho* ni nguruwe, na *chicharrón* mara nyingi ni nguruwe pia. Samaki wa *trucha* wa ziwani, mayai, jibini na supu ya *quinua* vitakufikisha, lakini uliza supu imechemshwa na nyama gani.

Hatua ya 6: Nunua tiketi ya Machu Picchu mapema

Tiketi ina jina lako, namba ya pasipoti, siku, saa na njia ya kutembelea. Njia ni tatu, nazo zimegawanyika tena. Ile ya 2 inapita penye picha uliyoiona maisha yako yote na kisha katikati ya mji. Ndiyo huisha kwanza. Ya 1 ni ya juu, kwa mandhari. Ya 3 ni ya chini, na kilele cha Huayna Picchu kinaunganishwa nayo.

1. Nunua kwenye tovuti ya serikali, miezi miwili mitatu kabla. Kiingilio cha kawaida kwa mgeni mtu mzima ni karibu soli 150, soli ndiyo fedha ya Peru.
2. Kisha treni, kwa saa zinazolingana na tiketi. Wengi hununua treni kwanza, wakakuta tiketi za siku hiyo zimekwisha.
3. Begi kubwa liache Ollantaytambo. Begi la kuingia nalo lisizidi sentimita 40 kwa 35 kwa 20.
4. Nenda na pasipoti halisi, si nakala. Vyoo viko nje ya lango tu. Maliza haja kabla.

Treni ni ghali. Njia ya nafuu ni gari dogo kutoka Cusco mpaka Hidroeléctrica, saa sita saba za kona na magenge, kisha kilomita 10 na kitu kwa miguu kando ya reli. Inaokoa zaidi ya dola 100. Kiangazi nashauri mwenye nguvu aichukue. Msimu wa mvua hapana. Magari hayo hupita kwenye kingo zinazoporomoka.

Ile safari ya miguu ya siku nne kwenye njia ya Wainka nimeiacha makusudi. Vibali ni 500 tu kwa siku, wapagazi na waongozaji wakiwemo, na bei yake ingemeza theluthi ya bajeti hii. Ukiichagua, uliza wapagazi wanalipwaje na wanabeba kilo ngapi. Sisi tunaotoka nchi za wapagazi tuna wajibu wa kuuliza.

Hatua ya 7: Funga begi

Lita 40 hadi 45 zinatosha. Nguo zivaliwe kwa tabaka: ya ndani ya joto, sweta zito, koti la kuzuia upepo na mvua. Kofia ya sufu na glavu nunua sokoni kule, ni nzuri na bei nafuu. Viatu viwe vimeshavaliwa angalau mwezi mmoja.

Usiache: miwani ya jua ya kweli (chumvi ya Uyuni hurudisha mwanga na kuunguza macho), mafuta ya kukinga jua, mafuta ya midomo, tochi ya kichwani, vidonge vya kusafishia maji, karatasi ya chooni, kufuli, na adapta ya umeme. Plagi zetu za pini tatu haziingii kule. Chukua ya pini mbili za duara.

Ngozi yetu nyeusi nayo huungua kule juu. Nililidharau hilo, pua ikachubuka.

Hatua ya 8: Mabasi

Mabasi ya masafa ya Peru ni mazuri kuliko unavyodhani. *Cama* kiti kinalala karibu kabisa, *semi cama* nusu. Kwa usiku kucha lipa *cama*. Chagua chini, siyo ghorofani, ukiwa mtu wa kutapika.

Vituoni kuna ada ndogo ya kutumia kituo isiyo ndani ya tiketi, weka sarafu. Ndani ya basi begi dogo likae mapajani, mkanda umezungushwa mkononi. Chini ya kiti na rafu ya juu ni mahali pa wezi.

Hatua ya 9: Vuka mpaka wa Kasani

Panda basi la asubuhi kutoka Puno. Mpaka huu hufungwa jioni, na Bolivia iko saa moja mbele ya Peru, kwa hiyo unapovuka unapoteza saa nzima.

1. Shuka na mzigo wako mdogo na pasipoti.
2. Ingia ofisi ya Peru, pata kumbukumbu ya kutoka.
3. Tembea kwa miguu, mlima kidogo, hadi upande wa Bolivia.
4. Toa pasipoti, viza na kadi ya njano. Usiseme kadi iko kwenye begi kubwa.
5. Kabla hujaondoka dirishani, soma mhuri: tarehe ni ya leo? Siku walizokupa ni ngapi?

*Kosa la kawaida:* kufuata kundi na kupita ofisi ya kwanza bila kugongewa. Dereva hahesabu mihuri, anahesabu vichwa. Ukifika Bolivia bila kumbukumbu ya kutoka Peru watakurudisha.

Hatua ya 10: Fedha ukishavuka

Kwa miaka mingi dola moja ilikuwa boliviano 6.96. Mwaka 2023 dola zilianza kuwa adimu na bei ya mtaani ikapanda mbali na ile ya benki. Kwa msafiri maana yake ni hii: kabla ya kuvuka angalia bei zote mbili za wiki hiyo. Zikiwa mbalimbali, dola taslimu zitakufikisha mbali kuliko kadi. Ingia Bolivia na dola 400 hadi 500 taslimu, noti mpya za 50 na 100. Mpasuko mdogo kama ukucha, au wino wa kalamu, noti inakataliwa. Badilisha dukani, mchana, uhesabu papo hapo.

Peru hakuna shida hiyo. ATM na maduka ya kubadilishia hufanya kazi. Na ukilala Peru kwenye hoteli iliyosajiliwa, onyesha pasipoti: mgeni hatozwi ile kodi ya asilimia 18.

Hatua ya 11: Chagua gari la Uyuni kwa macho yako

Salar de Uyuni ina kilomita za mraba zaidi ya 10,000 za chumvi. Safari ya siku tatu huchukua abiria sita kwenye gari moja, inapita kisiwa cha kaktasi ndefu, mimea ya miiba, kisha ziwa jekundu la Laguna Colorada, na alfajiri ya tatu chemchemi za mvuke karibu mita 4,900. Kumbuka: mita 4,900 ni juu ya kibanda cha Kibo.

Usinunue kwa bei ya chini kuliko zote. Nenda ofisini kabla ya kulipa na uulize: mikanda ya kiti ipo kwa kila abiria? Kuna chupa ya oksijeni? Matairi ya akiba mangapi? Viingilio vimo? Kiingilio cha hifadhi ya Eduardo Avaroa mara nyingi hakimo. Asubuhi ya kuondoka mtazame dereva. Akinuka pombe, usipande, na wenzako waambie kwa nini. Ukodi pia mfuko wa kulalia. Usiku wa Juni na Julai baridi hushuka nyuzi 15 chini ya sifuri na zaidi.

Ukiuzwa safari inayoishia San Pedro de Atacama, hiyo ni Chile. Nchi ya tatu, viza ya tatu.

Mambo yakienda kombo

*Kichwa kinauma, kichefuchefu, usingizi haupatikani.* Ndiyo *soroche*, ugonjwa wa mwinuko. Usipande zaidi. Kunywa maji, kula kidogo, pumzika siku nzima, acha pombe. Chai ya majani ya koka wataipendekeza kila mahali, na ni halali Peru na Bolivia. Ila usibebe hata jani moja wala pakiti ya chai kurudi nyumbani, na kama kazini kwako hupimwa dawa za kulevya, usiinywe kabisa: kipimo kinaweza kukuonyesha umetumia kokeni. Dawa ya acetazolamide zungumza na daktari kabla ya safari, hasa kama una mzio wa dawa za salfa.

*Mwenzako anapumua kwa shida akiwa amekaa, anakohoa povu, anayumba kama mlevi au anaongea ovyo.* Hili ni jambo la kufa na kupona. Mshusheni mara moja, hata usiku, na mtafuteni daktari. Msisubiri asubuhi.

*Barabara imefungwa na waandamanaji.* Hutokea nchi zote mbili, huitwa *bloqueo* au *paro*. Mapema 2023 Machu Picchu yenyewe ilifungwa kwa wiki kadhaa, na njia za Puno zikakatika. Usilazimishe basi lipite, usipige picha watu. Uliza kituoni kila asubuhi, tumia siku za akiba, na fikiria ndege.

*Tiketi za Machu Picchu zimekwisha mtandaoni.* Fika Aguas Calientes siku mbili kabla. Kuna tiketi 1,000 za kila siku zinazouzwa palepale dirishani. Foleni huanza mapema sana, na hutachagua njia wala saa. Mwenye kudai anazo za magendo barabarani, mpite.

*Mtu anadai ni polisi na anataka kukagua pochi.* La Paz hasa. Usimpe pochi, usiingie kwenye teksi naye. Mwambie mtaongea kituoni au hotelini, tena kwa miguu. Mara nyingi anapotea. Kuzunguka mjini tumia magari ya waya ya Mi Teleférico: salama, boliviano 3, na kutoka El Alto, mji ulio juu ya La Paz, unauona mji wote umelala ndani ya bakuli la mlima.

*Watu wanakukodolea macho.* Milimani Mwafrika haonekani kila siku. Wengi watataka picha, na una haki ya kukataa. Bolivia kuna wanaoamini kumwona mtu mweusi ni bahati, wakafinyana wakisema *suerte*. Iliniuma mara ya kwanza. Baadaye nikawa nasimama, nasalimia *buenos días*, najitambulisha natoka wapi. Mara nyingi kufinyana kuliisha na maswali yakaanza: mlima wenu una theluji? Mnalima viazi? Bibi mmoja wa sokoni Copacabana aliponisikia nikisema tunalima, alichagua viazi vitatu vya zambarau kwenye fungu lake, akanifungia kwenye gazeti, akakataa kulipwa.